Sura Katika Noti ya Kasumulu

Ndugu msomaji, ukifika Kasumulu, kule Kyela, simama kidogo kwenye daraja la mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi. Mwaka jana nilisimama hapo na mwanangu. Mbadilisha fedha alitupa noti ya kwacha, naye mwanangu akaniuliza yule mwenye miwani ni nani.

Ni John Chilembwe, mchungaji wa Chiradzulu. Lakini ili umfahamu, yakupasa uanzie kwenye mto huu, ambao mwaka 1914 ulikuwa mpaka wa Wajerumani na Waingereza.

Tarehe 13 Agosti mwaka huo, meli ya Kiingereza Gwendolen iliikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu huko Sphinxhafen, ambapo leo ni Liuli, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani alikasirika. Hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Mwanangu alicheka sana. Nami nilicheka, lakini tarehe 9 Septemba majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yamevuka Songwe yalipambana na Waingereza Karonga, na hapo kicheko kinakatika.

Wakubwa walikuwa wamebishana. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lisiingie vitani, akiutegemea Mkataba wa Berlin wa 1885. Mkuu wa majeshi, Lettow-Vorbeck, alitaka kupigana ili Waingereza walazimike kuleta askari huku badala ya Ulaya. Lettow-Vorbeck akashinda. Mwenye migomba na ng'ombe wake pale Ipinda hakuitwa barazani. Aliitwa baadaye, kubeba mizigo. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi.

Chilembwe ndiye aliyeuliza. Mwezi Novemba 1914 aliliandikia gazeti la Nyasaland Times akihoji kwa nini Mwafrika amwage damu katika ugomvi usio wake, akataka matajiri na wenye mabenki waende wenyewe. Wakaguzi wa serikali wakaizuia barua hiyo. Januari 1915 akaasi. Tarehe 3 Februari akauawa.

"Na upande wetu, nani aliuliza?" akasema mwanangu.

Ndugu msomaji, sikuwa na jina la kumpa. Tulipokuwa tukirudi, mbadilisha fedha aliitaka noti ile, mtoto akakataa kuitoa.