Buji ya Moto na Buji ya Baridi

Wengi mlituuliza kwa nini piki ya shule ililala wiki tatu chini ya mwembe. Tuseme wenyewe, maana kosa ni letu, sisi watatu tuliopewa kuitunza.

Ile Yamaha AG 100 inaunguza mafuta pamoja na esansi. Hapa Kibombo inazunguka polepole tu: stesheni, soko, kanisa, kurudi. Buji ikawa inajaa masizi yenye kulowa, na kila asubuhi tunasukuma mpaka jasho. Watu wakasema, tafuteni buji ya moto zaidi. Tukachanga franga. Ya zamani ilikuwa NGK namba 7. Sokoni tukaona NGK namba 8. Si nane inapita saba? Tukanunua. Kumbe! Siku ya pili haikuwaka hata kidogo.

Fundi mmoja mzee alitucheka sana. “Wanangu, kwa NGK namba ikipanda, buji inapoa. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, ikipanda inazidi moto. Saba ya huku si saba ya kule.”

Akatuonyesha ndani ya buji ule ulimi mweupe wa kauri. Buji haizai joto lake. Inalipokea toka kwa motere na kulipitisha kwenye kichwa cha silinda. Ulimi ukiwa mrefu, joto linakawia: hiyo ndiyo ya moto. Ukiwa mfupi, linatoka mbio. Ncha isipofika karibu digri 450, masizi hayaungui. Ikipita sana 800, esansi inaweza kuwaka mbele ya cheche, na pistoni inapigwa ingali inapanda.

Sisi tulishika nusu ya maneno. Tukanunua namba 5. Lo, piki ikawaka kwa teke moja! Hata Prefe alitusifu. Juma lile mmoja wetu akatumwa Kindu, na gunia la mchele nyuma, jua kali, mchanga mwingi. Njiani motere ikaanza kulia kama changarawe ndani ya mkebe. Yeye akazidisha mwendo ili afike mapema. Ikazima. Tulipofungua, pistoni ilikuwa na tundu, na ncha ya buji nyeupe kama chaki, yenye malengelenge.

Fundi alipotia pistoni mpya akarudisha namba 7, kisha akauliza: “Na filtre ya hewa?” Tukatazamana. Hakuna aliyewahi kuifungua. Ilijaa vumbi, motere inakosa hewa, inakunywa esansi kupita kiasi, na masizi yalitoka hapo! Tukaifua, tukaipaka mafuta kidogo. Sasa ncha ya buji iko na rangi ya ganda la karanga, kama inavyotakiwa.

Deni la pistoni tunalilipa kwa kufyeka uwanja kila Jumamosi. Zile namba 8 na 5 tungali nazo. Mwenye mashine iliyoandikiwa mojawapo, atuone baada ya ibada.