Wimbi la Kikumbo

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii nimeitumia mara nyingi kuwacheka wengine. Muhula uliopita ilinigeukia.

Katika somo la tafsiri tulipewa wasifu wa Walker Bleakney, mwanafizikia Mmarekani aliyeishi kati ya 1901 na 1992, tuufasiri kwa Kiswahili. Mimi niliyezoea vina na mizani nikaubeba hadi nyumbani, mtaa wa Jericho huku Eastlands, ninakoishi na shangazi yangu.

Sehemu ya kwanza haikunisumbua mno. Katika miaka ya 1930, kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Bleakney alichunguza isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. Haidrojeni ya kawaida ina protoni moja tu katika kiini chake. Haidrojeni nzito, iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931, ina nyutroni moja zaidi. Ili kuzipambanua, alitumia spektromita ya masi: chembe hutiwa chaji ya umeme, zikapitishwa penye nguvu ya sumaku, na zile nyepesi zikapinda zaidi ya nzito. Elimu ya isotopu ndiyo iliyotufumbulia hata umri wa ukoo wetu. Mwaka 1961, argoni iliyozalika kutokana na potasiamu katika majivu ya volkano ya Olduvai ilionyesha kwamba Zinjanthropus aliishi takriban miaka milioni 1.75 iliyopita.

Kikwazo kilikuwa sehemu ya pili. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Bleakney aligeukia mawimbi yatokanayo na milipuko. Yeye na wenzake walitumia bomba refu lililogawanywa kwa kiwambo chembamba: upande mmoja gesi iliyoshindiliwa, upande wa pili gesi yenye kanieneo ndogo. Kiwambo kilipopasuka, wimbi lilitimka kwa kasi kuliko sauti, nao wakalipiga picha. Wimbi hilo nilipe jina gani? Niliandika “wimbi la mshtuko”, nikafuta. Nikaandika “wimbi la kishindo”. Shangazi akataka nimsomee. Nikasoma, naye akanyamaza.

Ndugu msomaji, Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 shangazi alikuwa kazini katikati ya jiji, karibu na ubalozi wa Marekani. Mlipuko mdogo ulisikika kwanza, naye, kama wengi siku ile, akaenda dirishani kutazama. Ndipo bomu likalipuka. Watu 213 walifariki hapa Nairobi, na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vioo. Shangazi alipoteza jicho la kushoto. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Nimekua nikimsikia akisema kwamba udadisi wake ndio uliompofua.

“Kishindo gani?” aliniuliza hatimaye. “Mimi sikusikia kishindo, mwanangu. Nilipigwa kikumbo na hewa.”

Kikumbo! Kila jioni tunapigana vikumbo kuwania matatu, lakini neno hilo halikunijia. Mshtuko hukaa moyoni, kishindo hufika masikioni, bali anayepigwa kikumbo husukumwa mwili mzima. Nikamweleza nilichokuwa nimekisoma: kwamba wimbi lile huitangulia sauti, kwamba hewa iliyo mbele yake hutulia tuli hadi linapofika, kisha kanieneo hupanda kwa ghafla. Aliyesimama dirishani hakuwa na sauti ya kumwonya.

“Kwa hiyo hata ningekuwa mwepesi?”

“Hata ungekuwa mwepesi, shangazi.”

Aliinuka akaenda kuinjika chai.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kusema kwamba lugha yetu inaweza kubeba sayansi, na kwa ushahidi hutaja Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyochapishwa na TUKI mwaka 1990. Ni ushahidi wa haki. Walakini istilahi hutafutwa pia kwa wale ambao jambo lenyewe limewapitia mwilini, na faida yake haiishii katika mtihani. Kwa zaidi ya miaka 25 shangazi alijihukumu kwa kosa ambalo fizikia haikulijua, nami nilikuwa na lugha ya kumweleza ila sikuwa na maarifa.

Tafsiri yangu ilirudishwa ikiwa na alama ya kuuliza kando ya “wimbi la kikumbo”. Sijalifuta. Shangazi hajaacha kabisa kujilaumu, lakini juzi aliniomba nimsomee tena ile sehemu ya pili, polepole.