Gogo la Futi Nane

Simu huja kabla ya adhana ya alfajiri, na anayepiga hana muda wa salamu. "Fundi, mwarobaini. Mnene. Wanaanza saa moja." Hapo najua nina saa mbili za kutafuta kirikuu, vijana wawili na kamba. Nisipowahi, ikifika saa nne mti huo umeshakatwa vipande vya futi mbili mbili, kwa kuwa huo ndio urefu ambao kijana mmoja anaweza kuubeba na kuutupa garini peke yake. Gogo la futi mbili ni kuni. Gogo la futi nane ni mbao. Maisha yangu ya kufukuzia miti ya Dar es Salaam yamekuwa ugomvi wa hizo futi sita.

Nimezaliwa Kilwa, nyumba ya mchonga ngalawa. Baba alikuwa anainunua miembe ikiwa imesimama. Atauzunguka mti, ataugonga kwa kisigino cha shoka, atatega sikio, kisha ataondoka bila kusema neno, na mwenye shamba atabaki hajui kama ameuza au hajauza. Ngalawa ya kwetu huchongwa kwenye gogo zima la mwembe, kwa hiyo sikukua nikiudharau mti huo. Nilipofika Keko mwaka 1987 kujifunza kutengeneza samani, nilikuta hautajwi kabisa. Mbao ilikuwa mninga, mvule na mkongo, ikishushwa kwenye malori imenyooka kama rula. Siku moja nikamuuliza mwalimu wangu kuhusu miembe niliyoiona ikiangushwa Temeke watu wakijenga. Aliniangalia kwa huruma. "Hiyo ya kupikia ubwabwa, kijana. Shika randa."

Nikaishika randa miaka ishirini na zaidi. Mninga ulikuwa unapanda bei, na wateja wetu wengi wakahamia msonobari wa Mufindi, mbao mpole inayopokea msumari bila kubisha na kuuachia bila kubisha. Sina ugomvi na msonobari. Umenisomeshea watoto. Ila fundi akiupiga randa hana cha kushangaa.

Kilichonigeuza ni mjohoro. Ilikuwa mwaka 2012, Barabara ya Morogoro inachimbwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, na mimi nimekwama kwenye foleni. Kando ya barabara walikuwa wanakata mjohoro. Mti huo tumeuzoea kwa kivuli na kuni tu, hakuna anayeuangalia mara mbili. Lakini pale kwenye kisiki, ndani ya ule weupe wa nje, kulikuwa na kiini cheusi cheusi chenye michirizi ya njano, kama kitenge. Nikashuka kwenye daladala. Nikamwuliza mkataji kiasi gani. Akaniona mwendawazimu. "Chukua, mzee, unatupunguzia kazi."

Kulibeba gogo lile ndiyo ilikuwa gharama. Na nilipolifikisha kwa mwenye mashine ya kupasulia, meno ya msumeno wake yalikutana na msumari wa inchi nne kabla hata ya ubao wa kwanza kutoka. Nililipa msumeno. Mara ya pili alinifungia geti.

Mti wa porini una mawe na risasi za wawindaji mara chache sana. Mti wa mjini ni stoo ya vyuma. Kila bango la mganga, kila tangazo la chumba cha kupanga, kila kamba ya kuanikia na ndoano ya taa ya muuza chipsi imeacha kitu, na mti haukitemi. Unakimeza, mwaka hadi mwaka unaongeza mwili juu yake, hadi nje hakuna alama. Nimewahi kutoa mnyororo wa baiskeli na kufuli lake ndani ya mkungu. Sasa ninatembea na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nimeifunga kwenye kamba, naipitisha juu ya gogo polepole kama daktari na kifaa chake cha kifuani. Kilicho ndani sana sumaku haikifikii. Hapo nategemea macho: chuma kikikaa ndani ya mti huchafua nyuzi kwa rangi ya wino wa bluu, na doa hilo huonekana kwenye ncha ya gogo. Ukiliona doa, weka mashine chini, chukua patasi.

Ukishapasua, kazi ndiyo kwanza imeanza. Ncha zote hupakwa rangi ya mafuta iliyobaki siku hiyo hiyo, maana unyevu hukimbilia kutokea nchani na mbao hupasuka. Mbao hupangwa kivulini, papi katikati, mawe juu. Mvinje nimeuacha kabisa, hupasuka hata ukiubembeleza. Ni mti wa boriti. Mwembe hautaki kungoja: ukilala na gome lake wiki mbili, fukusi wameshafika, kwa hiyo naupasua kesho yake na kuupaka maji ya boraki. Mwarobaini ndio kipenzi changu. Ni wa ukoo mmoja na mkangazi, na ukiupiga randa rangi yake haidanganyi undugu huo. Vumbi lake ni chungu hadi kooni, lakini kasha la nguo la mwarobaini wadudu hulipitia mbali.

Nilikuwa nimeshajiona bingwa nilipopokea oda ya meza ya mkutano ya ofisi moja ya katikati ya mji. Mwarobaini, futi kumi, nimeukausha mwaka mzima. Baada ya miezi miwili wakaniita. Katikati ya meza pameachia mwanya unaopitisha shilingi mia. Hewa ya Dar haikaushi mbao chini ya asilimia 15 hivi ya unyevu, na mimi nilikuwa nimeupeleka kwenye chumba chenye kiyoyozi usiku na mchana, tena nimeubana miguuni kwa skrubu kila upande. Ulitaka kusinyaa, nikauzuia, ukachanika. Nikairudia meza yote kwa hela yangu. Tangu hapo ubao wa juu naushika kwa vibao vidogo vinavyoteleza, wacha uende unakotaka.

Kuna pia habari ya nyundo. Mbao halali ya msituni hugongwa alama kwa nyundo hiyo na husafiri na hati. Mwarobaini wa mtaani hautoki msituni, na askari wa kizuizini ana haki ya kuuliza umetoka wapi. Siku moja nilikaa kizuizini tangu asubuhi hadi magharibi nikieleza kwamba msitu wangu ni kituo cha daladala. Siku hizi nabeba barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha ya mti ukiwa umesimama. Picha husaidia kuliko barua.

Mwaka jana tulileta karakanani mwarobaini uliokuwa kwenye kona isiyo mbali na hapa. Siku ya tatu akaja bibi mmoja na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mti wangu uko kwako."

Alikuwa ameuza maandazi chini yake tangu watoto wake wadogo. Nikamwonyesha mbao. Akapitisha kidole hadi kwenye doa la bluu, akalikuna kwa ukucha. "Hapa nilikuwa naning'iniza kibatari." Nikamwambia nitamtengenezea kigoda, sitachukua hela. Akakiangalia kigoda kilichokuwa karibu, akakipima kwa fimbo.

"Vigoda ninavyo. Yale mabaki pale unauza?"

Nikamjazia viroba viwili. Kesho yake akamtuma mjukuu kurudisha kimoja, na ujumbe: moshi wake mchungu, umpe ya mwembe.