Mombasa, mji wa reale, rupia na thumuni

Msomaji, ukijaliwa kwenda Mombasa likizo ijayo, usikimbilie ufuoni siku ya kwanza. Vaa viatu vyepesi, wachukue watoto, na muanze matembezi yenu pale Treasury Square. Lakini kabla hamjaondoka nyumbani, fanyeni jambo moja. Mwulizeni babu au nyanya kama ana sarafu kuukuu popote: ndani ya mkebe, katika pindo la leso au chini ya sanduku. Zikiwepo, ombeni ruhusa ya kuzitazama na mwandike miaka yake katika daftari. Mtaihitaji orodha hiyo njiani, maana sarafu nyingi zilizolala katika mikebe ya wazee wetu ziliingia nchini kupitia mji huu.

Jina la Treasury Square lina maana ya uwanja wa hazina. Simama hapo kivulini, ukumbuke kwamba zamani kampuni ya wafanyabiashara iliwahi kuwa na fedha zake katika mji huu. Mwaka 1888, kampuni ya Imperial British East Africa, iliyoongozwa na William Mackinnon, ilipewa hati ya kifalme ya kutawala na kufanya biashara. Mwaka huo huo ikatoa rupia zake za fedha na pesa zake za shaba, zenye picha za jua, taji na mizani. Wakusanyaji wa sarafu kote duniani huziorodhesha hadi leo kwa jina la Mombasa. Kampuni yenyewe haikudumu. Mnamo 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi, na biashara ya Mackinnon ikafikia tamati.

Rupia haikuondoka pamoja naye. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na mafundi na vibarua wake walilipwa kwa rupia ya India, ile yenye sura ya Malkia Victoria. Mwaka huo wa 1901 ikaanzishwa kodi ya nyumba, nayo pia ikadaiwa kwa rupia. Hapo ndipo sarafu hii inapoingia katika historia ya familia yako, hata kama kwenu ni Nyeri, Kakamega au Machakos. Mkulima aliyekuwa na mbuzi na mtama wa kutosha hakuhitaji rupia hata moja, mpaka siku mkusanya kodi alipobisha mlangoni. Ikiwa babu wa babu yako alikuwa na rupia, jiulize aliitoa wapi. Je, aliuza mbuzi? Alibeba mizigo? Aliacha shamba lake akaenda kulima la mwingine? Jibu lake ni sura nzima ya ukoo wenu.

Mwaka 1920 rupia ilipokewa na florini, na mwaka 1921 florini nayo ikaipisha shilingi. Florini moja ilihesabiwa sawa na rupia moja, yaani shilingi mbili. Mtu aliyefukia rupia zake chini ya kitanda ilimbidi azifukue na kwenda kuzibadilisha. Kwa hiyo ukikuta rupia katika mkebe wa familia, ujue kuna mtu ambaye hakuibadilisha. Huenda hakupata habari. Huenda alikuwa amefariki na hakuna aliyejua alikoificha. Huenda pia ilikuwa zawadi ya harusi ambayo hangeweza kuachana nayo.

Fuata sasa barabara ya Nkrumah mpaka Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Ndani ya makavazi yake utaona vyombo vilivyochimbuliwa Gede, Ungwana na Manda, na vingine vilivyotolewa katika jahazi la Kireno lililozama mbele ya ngome mwaka 1697. Hapo Manda, kisiwa jirani cha Lamu, watafiti walitangaza mwaka 2013 kwamba wamepata sarafu ya Kichina ya enzi za mfalme Yongle, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Ina tundu la mraba katikati. Katika kisiwa cha Pate, si mbali na hapo, zipo familia zinazosimulia vizazi kwa vizazi kwamba zimetokana na mabaharia wa China. Kisarafu kidogo kama hicho hakithibitishi ukoo wa mtu, lakini kinatukumbusha kwamba masimulizi ya wazee yanastahili kusikilizwa kabla ya kuchekwa.

Ukitoka ngomeni, ingia Mji wa Kale kupitia Ndia Kuu. Tembea polepole kati ya roshani na milango ya nakshi, na ukikuta duka la sonara, salimia kwa adabu na uulizie reale. Hii ni sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Wafanyabiashara wa pwani waliiamini kwa uzito na usafi wa fedha yake, na masonara waliiyeyusha wakafua bangili na vikuku. Bangili ya fedha ya nyanya mzaa nyanya yako huenda ilikuwa reale kabla ya kuwa bangili. Lakini usidanganyike na tarehe. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na reale zote zilizotengenezwa baadaye, hata zile za karne ya 20, ziliandikwa mwaka huo huo. Reale haikuambii umri wake. Anayejua ni yule aliyeirithi.

Fedha hizi zote zimeacha alama katika ndimi zetu. Pesa ni neno lililotoka India pamoja na rupia. Thumuni ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu moja ya nane, na wengi wetu tumeliita hivyo lile kipande la senti 50. Wakikuyu waliita senti tano ndururu, na Wajaluo wakaita senti kumi otonglo. Senti hizo za kale zilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga katika uzi kama shanga. Zitazame vizuri. Ukiona moja ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, umeshika jina la mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja kisha akajiuzulu. Kwa kuwa sarafu zenye tundu hazikuwa na sura ya mfalme, ziliwahi kutolewa kwa jina lake. Usikimbilie sokoni ukidhani umetajirika, kwani zilitolewa kwa wingi.

Shilingi ya mgomo

Thamani ya sarafu nyingi za mikebeni haiko sokoni. Nilisimuliwa kisa cha familia moja ya Majengo, papa hapa Mombasa. Baba alipofariki mwaka 2019, wanawe walikuta mkebe wenye sarafu 23. Wakaupeleka kwa sonara. Akazipima, akawaambia kwamba shilingi zile za kabla ya 1948 zina robo tu ya fedha halisi, na bei aliyotaja isingetosha hata kitoweo cha watu wote waliokuwa matangani. Hata hivyo walikuwa tayari kuuza.

Shangazi yao, mwanamke wa miaka 80, aliposikia aliagiza mkebe uletwe. Akachagua shilingi moja ya mwaka 1946.

"Hii si yenu kuiuza," akawaambia. "Hii ni ya mama."

Ndipo walipojua. Mnamo Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma kwa karibu wiki mbili wakidai mishahara bora, na babu yao, mchukuzi wa bandarini, alikuwa miongoni mwao. Nyumbani kulikuwa na shilingi tano na watoto wanne. Kila siku mama alipima unga na kuhesabu. Siku wanaume waliporudi kazini, shilingi moja ilikuwa imebaki. Mama akaifunga katika pindo la leso, akaapa kwamba madhali shilingi hiyo imo nyumbani, hakuna atakayesema mgomo uliwamaliza. Baba yao alikuwa mchanga wakati huo, na hakuwahi kuwaeleza.

Shangazi huyo alifariki mwaka uliofuata. Shilingi ya mgomo ipo, na kisa chake kimeandikwa. Sarafu 22 zilizosalia zimebaki bubu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza mapema. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ufanye nini na sarafu zenu?

Kwanza, usizisugue kwa majivu, ndimu wala sufu ya chuma. Kung'arisha sarafu huila sura yake na kuishusha thamani. Pili, kila moja iweke katika karatasi yake, uandike nani alikuwa nayo, aliipata wapi na kwa nini aliihifadhi. Ipige picha kwa simu, pande zote mbili. Tatu, fahamu sheria. Kifaa kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa kitu cha kale chini ya sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006, na hakiruhusiwi kupelekwa ng'ambo bila kibali. Kwa hiyo mgeni akitaka kununua pesa ya kampuni ya 1888 aondoke nayo, mwelekeze kwanza kwa Makavazi ya Kitaifa.

Mwisho, usidhani ukale umekwisha. Tangu Desemba 2018 shilingi zetu mpya zina twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote katika fedha. Zile zenye sura za Kenyatta, Moi na Kibaki, ikiwemo shilingi 40 ya mwaka 2003, sasa zinaingia mikebeni mmoja mmoja. Watoto waliokua wakiona wazazi wakilipa kwa simu watawauliza ninyi siku moja zilinunua nini. Leo jioni, kabla hamjalala, chagueni sarafu moja, mwandike jibu lake.