Risasi Unayoweza Kuitawala

Hapa Dubai mfanyakazi mgeni haruhusiwi kumiliki bastola. Sheria ya shirikisho ya silaha ya mwaka 2019 haikumwachia mwanya huo, na sisi walinzi wa milango ya majengo marefu tunaingia zamu mikono mitupu. Tuna redio ya mkononi, tochi, daftari la matukio na kitambulisho cha SIRA, mamlaka inayosimamia kazi ya ulinzi katika mji huu tangu mwaka 2016. Pamoja na hayo, sijapata kuishi mahali ambapo bastola hujadiliwa kwa bidii kama katika kambi yetu ya wafanyakazi, Al Quoz. Yupo Mganda mmoja, mtu wa makamo, aliyelinda kambi za Wamarekani nchini Iraq kama walivyofanya maelfu ya Waganda wenzake baada ya mwaka 2003. Sote tunamwita Afande. Wapo Wakenya waliowahi kuvaa sare za serikali, na vijana wa Kitanzania waliopitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Wakishatoka zamu ya usiku, chai ya maziwa ingali motoni, mjadala huanza, na kila mara hufika pale pale: mtu anayetaka kujilinda achague risasi ya milimita 9 au ya .45?

Nimeusikiliza mjadala huo kwa moyo wote, maana naona umebeba jambo kubwa kuliko bastola. Nao una historia ndefu.

Risasi ya milimita 9 ilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Ile ya .45 ilizaliwa na hofu. Wanajeshi wa Marekani waliokuwa wakipigana na Wamoro kusini mwa Ufilipino walilalamika kwamba bastola zao za .38 hazimzuii mtu aliyekwisha kuamua kufa. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walipelekwa kwenye machinjio ya Chicago wakajaribu risasi za ukubwa mbalimbali kwa kupiga ng'ombe hai na maiti za watu. Ni habari ya kuumiza kuisoma. Walihitimisha kwamba kipenyo kisipungue inchi .45, na mwaka 1911 jeshi lao likaipokea bastola iliyobuniwa na John Browning. Tangu hapo imani ikaota mizizi duniani, hata ikafika Al Quoz: risasi kubwa humwangusha mtu, ndogo humkasirisha tu.

Zilaze zote mbili kiganjani uone. Kipenyo kinapishana kwa kama milimita mbili na nusu. Uzito ndio unaotofautiana zaidi, kwani risasi ya kawaida ya milimita 9 ina kama gramu 8, na ya .45 kama gramu 15. Tofauti ipo, sikatai. Lakini waliolipia somo hili kwa damu waligundua kwamba uamuzi haukai hapo.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili wa benki. Mapema kabisa katika mapambano risasi ya milimita 9 ilipita kwenye mkono wa jambazi mmoja, Michael Platt, ikaingia kifuani na kusimama karibu sana na moyo bila kuufikia. Jeraha lile lilikuwa la kufa, ila si la kufa papo hapo. Platt aliendelea kufyatua, na maofisa wawili wakauawa, watano wakajeruhiwa. FBI ikailaumu risasi. Ikaweka kipimo kwamba risasi ipenye kwenye jeli maalumu kati ya inchi 12 na 18, yaani kama sentimita 30 hadi 46, ikahamia kwenye bastola ya milimita 10. Hiyo ikawashinda wengi kwa teke lake. Ikaja .40 mwaka 1990, teke likapungua kidogo, na maofisa wakabaki nayo miaka mingi. Kufikia mwaka 2016 shirika hilo lilikuwa limerudi milimita 9, kule kule lilikotoka. Risasi zenyewe zilikuwa zimeboreshwa sana, hilo ni kweli. Sababu ya pili ndiyo iliyonigusa: maofisa wenye milimita 9 walipiga walipolenga mara nyingi zaidi, na kwa haraka zaidi, kuliko walipokuwa na bastola kubwa.

Miaka thelathini ya kutafuta nguvu, kisha taasisi nzima inakiri kwamba kilichopungua ni mkono wa kuitawala nguvu hiyo.

Jambo hilo nililiona kwa macho. Dubai na miji jirani ina klabu za shabaha zilizo wazi kwa watu wote, Jebel Ali na Sharjah kwa mfano, na nchi hii inatengeneza bastola yake, Caracal, huko Abu Dhabi. Mgeni anaonyesha kitambulisho, anavaa miwani na vikinga masikio, anapiga karatasi chini ya jicho la mwalimu, kisha anaondoka na karatasi yake, bastola inabaki. Tulikwenda kundi letu siku ya mapumziko. Kijana mmoja wa Moshi, mwenye mabega ya mbeba mizigo, alichukua ya .45. Risasi ya kwanza ilitua karibu na katikati. Baada ya hapo mwili wake ulijua kinachokuja. Kidole kilipogusa triga macho yalikuwa yameshafumba na mtutu umeshainama, na matundu yakatawanyika hadi pembeni mwa karatasi. Afande alichukua milimita 9, akavuta pumzi, akapiga taratibu. Matundu yake yote yangefunikwa na kiganja cha mtoto. Hakumcheka yule kijana. Alimwambia, "Mdogo wangu, umeanza kupigana na bastola yako kabla ya kupigana na adui."

Maneno hayo nimeyabeba hadi kazini. Usiku wa manane hushuka mpangaji aliyelewa, au dereva aliyezuiwa kuegesha gari, akiwa na hasira ya kutafuta wa kumwangukia. Mlinzi mpya hukimbilia sauti kubwa na vitisho vya polisi. Akishavifyatua havirudi, na ugomvi uliokuwa wa dakika mbili unafika ofisini kwa meneja. Nimemtazama Afande akisimama hatua tatu mbali na mtu wa namna hiyo, viganja wazi kifuani, akiita "bwana" kwa sauti ambayo mwenzake lazima anyamaze ili aisikie. Ana ukali mwingi ndani yake, nimeuona siku nyingine. Ila huchukua ule tu anaoweza kuurudisha alani. Kwangu huo ndio ustadi wa kujilinda, na nimeona nauhitaji zaidi nyumbani, ninapozungumza na mke wangu kwa simu nikiwa nimechoka, kuliko langoni.

Kushindana kwa ukubwa hakuna mwisho, maana daima yupo mwenye kikubwa zaidi. Mji huu wenyewe ni shahidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita bunduki zilipita Ghuba hii kwa wingi, kutoka Muscat hadi pwani ya Makran na kuendelea Afghanistan, na kwa mwanamume wa Dubai bunduki ilikuwa heshima yake. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910 meli ya kivita ya Uingereza, Hyacinth, iliteremsha wanamaji wapekue nyumba kutafuta silaha za magendo. Wenyeji wakapigania milango yao kwa bunduki walizokuwa nazo. Meli ikajibu kwa mizinga. Watu 37 wa Dubai waliuawa, pamoja na wanamaji kadhaa wa Uingereza, kisha mtawala, Sheikh Butti bin Suhail, akadaiwa bunduki 400 na faini ya rupia 50,000. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapaswa kulikumbuka jina hilo: Aprili 1915, Hyacinth hiyo hiyo iliishambulia meli ya Kijerumani Rubens katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, nayo ikiwa imebeba bunduki na risasi. Nawaheshimu waliosimama milangoni mwao asubuhi ile. Ujasiri wao haukupungukiwa kitu, ila hakuna bunduki ya begani ambayo ingetosha mbele ya mizinga ya meli.

Tarehe 21 Septemba 2013 tuliona upande mwingine wa jambo hili jijini Nairobi. Magaidi waliingia Westgate na bunduki za kivita, na watu 67 wakauawa. Miongoni mwa walioingia mapema kuokoa watu walikuwamo raia wenye leseni, bastola tu mikononi, bega kwa bega na polisi waliovaa kiraia. Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, ambaye baadaye aliingia Seneti. Ndugu yake alikuwa ndani. Mbele ya bunduki zile milimita 9 na .45 zote ni ndogo. Wale watu waliokoa wengine kwa kusogea polepole, kukinga mgongo wa mwenzao, na kujua lini wasifyatue kwa kuwa mbele yao kulikuwa na akina mama na watoto waliojificha.

Ndiyo maana sikuweza kumjibu shemeji yangu kwa neno moja. Anaishi Nairobi, amemwoa dada yangu, na nyumba ya jirani yao ilivamiwa. Yeye ana njia ya kisheria ya kuomba leseni kwa bodi ya leseni za silaha, ambayo mimi sina, na akaniuliza anunue ipi. Simlaumu hata kidogo. Utulivu wa Dubai umejengwa kwa kamera kila kona, polisi wanaofika upesi na sheria inayoweza kumrudisha mgeni kwao kwa kosa moja. Siwezi kumhubiria utulivu huo mtu ambaye akipiga simu usiku hajui nani atakuja.

Badala ya kumjibu, nilimuuliza kuhusu kuta. Nilipofika hapa kwa viza ya matembezi nilipanga kitanda Deira, katika nyumba iliyokatwakatwa vyumba kwa mbao nyembamba na jasi. Nilisikia jirani akigeuka kitandani. Risasi ya bastola, iwe ya kipenyo gani, ingepita kuta kama zile na kumkuta mtu ambaye hana habari. Nikamuuliza shemeji: mlango wa chumbani kwenu ukilengwa, nyuma yake wanalala kina nani? Akanyamaza, kisha akasema ni chumba cha watoto. Nikamuuliza bastola itakuwa wapi akiwa bafuni, na nani atajua namba za sanduku. Nikamuuliza kama ana fedha ya kwenda uwanja wa shabaha kila mwezi, kwa sababu leseni haifundishi mkono.

Swali la kipenyo tulilimaliza haraka: milimita 9, kwa kuwa dada naye ataweza kuipiga, na risasi za mazoezi ni nafuu. Mengine yalituchukua muda. Dada alichukua simu akasema kabla ya bastola kuingia anataka mlango wa nje wa chuma, taa za uani na mbwa, na kitanda cha watoto kihamishiwe ukuta wa upande wa pili. Shemeji amekubali. Fundi wa mlango ameshachukua vipimo, na fomu za leseni bado ziko mezani, hazijajazwa.