Kulinda si Kutenga

Kazi ya mwalimu huonekana kwa wanafunzi wake, lakini kazi ya msimamizi wa elimu aghalabu hufichwa na makaratasi. Huandika barua, huhesabu vitanda, huomba unga na magodoro. Na siku ya kustaafu hupewa mkono wa kwaheri na watu wasiojua ni watoto wangapi waliolala salama kwa sababu barua moja ilifika kwa wakati. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa Shinyanga, aliyetumikia elimu maalumu tangu ujana hata uzee. Jina lake halikuandikwa juu ya jengo lolote, wala hakutaka liandikwe. Walakini maisha yake yanastahili kukumbukwa, kwa kuwa yalibeba swali zito: mtoto alindweje pasipo kutengwa na watu wake?

Ujana wake uliangukia zama za Elimu kwa Wote, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilipomlazimu kila mzazi kumpeleka mtoto shule. Sheria ilisema kila mtoto; lakini huko mbugani watoto wasioona na wasiosikia walibaki nyumbani, wengine wakichunga ndama, wengine wakiketi kivulini tu. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1950, na ile ya viziwi ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1963, kwa mkulima wa pamba zilikuwa mbali kama nchi ya kigeni. Kijana huyo alipanda baiskeli akapita kijiji baada ya kijiji. Hakuuliza, "Una watoto wangapi?" Aliuliza, "Wangapi wamo ndani?" Maswali hayo mawili hayakuwa na jibu moja.

Imani yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza. Alishika kwamba mtoto aliyepelekwa shule ya bweni sharti arudi kwao kila likizo, ili kijiji kimwone asiyeona akisoma nukta nundu kwa vidole vyake. Shule humfunza mtoto, alisema, na mtoto huwafunza wa kwao. Kwake likizo ilikuwa nusu ya elimu. Kwa ajili yake alibishana na wakubwa wake juu ya nauli miaka mingi, na mara nyingine akashinda.

Kisha imani hiyo ikapatwa na msiba. Tangu miaka ya 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa iliingiwa na mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga waovu waliwaaminisha wenye tamaa kwamba viungo vya binadamu huvuta bahati: dhahabu katika mashimo, samaki katika nyavu. Januari 2009 Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu watatu waliomuua mvulana wa Bukombe, wilaya ambayo siku hizo ilikuwa ya Shinyanga na tangu mwaka 2012 ni ya Geita. Watoto walikusanywa katika shule za serikali ili wanusurike. Mitindo huko Misungwi ilipokea. Buhangija mjini Shinyanga, iliyozoea wasioona na wasiosikia, ikajaa hata watoto wadogo wasiofikia umri wa kusoma.

Basi mtu aliyeutumia ujana wake kufungua milango, sasa aliandika barua za kuomba ukuta na walinzi. Aliziandika bila kusita, maana maiti haisomi. Aliomba kofia pana na mafuta ya kukinga jua. Lakini likizo ilikufa. Baadhi ya akina mama walikuja na michembe na karanga wakaketi na wana wao hadi jua kuchwa. Wengine walikuja mara moja, wasionekane tena. Mtoto mmoja alipoulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Buhangija."

Jibu hilo lilimwondolea mzee usingizi. Alinunua daftari kwa fedha yake, akaandika jina la kila mtoto aliyeweza kumfikia, la mama yake, la kijiji, la ukoo na la jirani anayefahamika. Akarudi vijijini, akaketi na wazee wa sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa katika nchi hiyo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kuzuia wizi wa ng'ombe. Aliwauliza: "Mnaolinda ng'ombe usiku kucha, mtoto mtamlinda lini?"

Wako waliomlaumu kwamba anachezea roho za watu, na lawama yao haikuwa bure. Februari 2015, wilayani Chato, mtoto mchanga alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, na baadaye akapatikana amekufa. Mzee hakubishana nao. Hakumrudisha mtoto ambaye kijiji chake hakijawa tayari. Lakini hakukubali pia kwamba ukuta ni makwao. Ukuta, kwa maoni yake, ni deni ambalo kijiji kinadaiwa, na daftari lile ndilo hati ya deni.

Alipostaafu alikabidhi funguo, mihuri na daftari. Funguo na mihuri vilitiwa sahihi. Daftari halikuwa katika orodha ya mali ya ofisi. Ubora wa msimamizi haupimwi kwa wingi wa watoto aliowaweka ndani salama tu. Hupimwa pia kwa idadi ya milango ya nyumbani aliyoizuia isisahau majina yao.