Nilisota, Nikawa Daktari

Siku hizi, matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa Julai, simu yangu haitulii. Wanapiga wazazi wa Sumbawanga ninaowajua, na wengine waliopewa namba na mtu aliyepewa na mtu. Swali lao ni moja: "Daktari, mtoto kasoma PCB, tumpeleke wapi? Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au Mbeya? Au tuuze kiwanja aende China?" Huwa nawajibu kwa kirefu mpaka salio linawaishia. Safari hii nimeona bora niandike.

Mimi sikupata bahati ya kuchagua. Nilipata S ya Fizikia. Ili uingie shahada ya udaktari unatakiwa uwe na principal tatu, za Fizikia, Kemia na Biolojia. S si F, lakini mlangoni pa udaktari hazitofautiani. Shule yetu ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia. Aliyetufundisha alikuwa kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia, naye akisubiri chuo. Vifaa vya maabara tulivishika sawasawa siku ya mtihani wa vitendo. Sijasikia shule ya pembezoni ikilalamika kwamba wanafunzi wake wamekwama udaktari kwa sababu ya Biolojia. Ni Fizikia, kila mwaka.

Nyumbani kikakaa kikao. Mjomba, ambaye ndiye msomi wa ukoo, akasema niende ualimu, mshahara wa serikali ni mshahara. Shangazi akataka nirisiti. Baba alinyamaza, na mimi nilijua hesabu anazozipiga, kwa sababu hela yote ya nyumbani ilitoka kwenye mahindi, na mahindi tuliyauza kwa lumbesa: mnunuzi anakuja na gunia lake, analishindilia, analiongezea kilemba juu, halafu analipia gunia moja.

Aliyenionyesha njia ni tabibu wa kituo cha afya cha kwetu. Aliniambia kuna stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Ukiimaliza na GPA isiyopungua 3.0, na cheti chako cha kidato cha nne kikiwa na masomo ya sayansi yanayotakiwa, unaruhusiwa kuomba udaktari. Fizikia yangu ya kidato cha nne ilikuwa nzuri. Nikajaza fomu.

Mjomba alisikitika kwelikweli. "Umesoma mpaka fomu siksi, mwanangu, ukawe nesi?" Nilimweleza tofauti ya nesi na tabibu, akasema yote ni yale yale. (Baadaye niligundua hakuwa peke yake. Nimevaa koti jeupe na kipimio shingoni miaka yote hii, na bado wagonjwa wananiita sista, huku kijana wa kiume anayepiga deki wodini akiitwa daktari.)

Mjomba hakujua kwamba nchi hii ilibebwa na watu wa aina hiyo. Mwalimu Nyerere alizoea kusema kwamba wakati wa uhuru, mwaka 1961, tulikuwa na madaktari 12. Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963, na wahitimu wa mwanzo walikuwa wachache mno kuifikia mikoa yote. Wilayani waliotibu ni watabibu, na waliopasua akina mama walioshindwa kujifungua ni madaktari wasaidizi, watabibu waliopandishwa kwa mafunzo ya ziada. Kuna watu wazima wengi leo, wakiwemo wanaodharau kada hiyo, waliotolewa tumboni kwa mikono ya mtu asiye na shahada.

Stashahada niliisoma kwa mahindi ya Baba. Bodi ya Mikopo wakati huo haikuwafikia watu wa stashahada. Ilianza kuwafikia wa baadhi ya fani, afya ikiwemo, mwaka wa masomo 2023/2024. Kisha nikafanya kazi kwenye kituo cha afya. Huko nilijifunza mambo ambayo baadaye niliwaona wenzangu wa chuo kikuu wakiyasoma kwa kukariri. Mtoto analetwa na degedege usiku, mama analia, taa ni ya simu. Unampima malaria, unampima sukari, unachoma artesunate mara moja, unajua ya pili ni baada ya saa 12 na ya tatu baada ya saa 24, na katikati unamtazama anavyopumua. Ukishayafanya hayo mara nyingi, kitabu hakikutishi tena.

Mwaka 2016 nikaanza shahada. Safari hii nilikuwa na nafasi ya kuchagua, na hapa ndipo naomba mzazi anisikilize. Jina la chuo sikulitazama sana. Mtaala wa udaktari ni miaka mitano popote utakapokwenda hapa nchini, na ukimaliza unakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika lile lile. Niliuliza habari za hospitali. Chuo hiki kinafundishia hospitali gani? Wagonjwa wa dharura wanafika hapo au wanapitilizwa kwingine? Kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wangapi? Usiku mwanafunzi anasimamiwa na nani? Nilikwenda mwenyewe, nikakaa nje ya wodi nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa nne waliokuwa wanatoka raundi. Mmoja aliniambia kwamba kule alikotoka rafiki yake, mwanafunzi anaweza kumaliza bila kuzalisha mama hata mmoja kwa mikono yake. Hilo lilinitosha kuamua. Wanaofikiria nje ya nchi nawauliza hilo hilo: mtoto ataongea na mgonjwa kwa lugha gani, na atamgusa mgonjwa huyo au atamtazama kwa mbali? Wapo waliosoma nje wakarudi hodari. Wapo pia waliorudi na cheti wakaanza upya kujifunza kutoboa mshipa.

Mwaka wa kwanza nilikosa mkopo. Nilikata rufaa, nikapata sehemu, isiyotosha ada yote. Hosteli sikuwa na uwezo wa kulipia, nikabebwa. Wenzangu watatu walikubali nilale kwenye godoro katikati ya vitanda vyao, na mlezi wa hosteli akipita naingia chini ya kitanda na madaftari yangu. Halafu ukaja Juni 2017. Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi, na kwetu Rukwa bei ikaporomoka. Marufuku yenyewe iliondolewa baadaye, lakini ada haikusubiri. Baba alinipigia akasema mahindi yapo, yamejaa ndani, wanunuzi ndio hawapo. Mtihani ulikuwa unakaribia, na asiyekamilisha ada haingii chumba cha mtihani.

Kilichoniokoa ni ile leseni ya utabibu ambayo mjomba aliionea haya. Zahanati moja ya binafsi ilinichukua kwa zamu za usiku mwishoni mwa wiki. Ijumaa jioni naingia kazini, Jumatatu asubuhi niko darasani na macho mekundu. Kundi letu la anatomia lilinichangia kilichobaki, watu ambao nao walikuwa wanasubiri bumu ili wale. Nilipata sapu ya Bayokemia, nikaifaulu. Machi 2020 Korona ikafunga vyuo mpaka Juni, nikazirudia zamu za zahanati kipindi chote. Nikahitimu.

Nilidhani nimemaliza kusota. Utarajali ukanifundisha vingine.

Anayemaliza shahada hajawa daktari wa kujitegemea. Anapangiwa hospitali, anapitishwa mwaka mzima katika idara kuu, magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na akina mama na uzazi, kisha ndipo Baraza linamwangalia. Serikali hulipa posho. Yangu ilichelewa. Mwezi wa kwanza tulicheka, wa pili tukakopeshana, wa tatu mama mwenye nyumba akaacha kuitikia salamu yangu. Nilikuwa natembea kwa miguu kwenda zamu saa kumi na moja alfajiri, na jioni ninaposema nimechoka, mtu wa mtaani anasema, "Daktari naye anachoka? Si una hela?" Kwenye wodi ya upasuaji tulikula uji wa wagonjwa uliobaki, na sista inchaji, Mungu ambariki, alijifanya haoni.

Usiku mmoja wa mwanzo katika wodi ya wazazi aliletwa binti kwa bodaboda, mimba yake ya kwanza, kashikiliwa na shangazi yake kwa nyuma ili asianguke. Alikuwa ametapatapa kwa degedege njiani. Presha ilikuwa 180 kwa 120. Kifafa cha mimba. Nilipokuwa tabibu niliwahi kumpokea mgonjwa kama huyo, nikampa dozi ya kwanza na rufaa, gari likaondoka naye. Sasa gari lilikuwa limefika kwangu, na bingwa yuko nyumbani, simu yake inaita.

Mkunga wa zamu alikuwa mama wa makamo ambaye nilimwamkia shikamoo kila siku na kila siku aliitikia bila kunitazama. Alikuwa ameshavuta magnesiamu kwenye sirinji. "Nne za mshipa, taratibu, daktari. Mimi nachoma tano na tano za matako. Wewe usiache kuangalia mdomo wake." Nilimlaza ubavu, nikasafisha njia ya hewa, nikaingiza dawa ya mshipa nikitazama saa ya ukutani. Tukampa ya kushusha presha, tukaweka mpira wa mkojo, na kila baada ya muda nikawa nagonga goti lake kuona kama linaruka, kwa sababu magnesiamu ikizidi goti ndilo linaloanza kunyamaza, kisha pumzi. Bingwa akapokea simu, akaja, tukaingia chumba cha upasuaji. Umeme ulikatika, jenereta ikachukua muda wake, kisha ikawaka. Mtoto alilia. Mama yake aliamka siku iliyofuata na kuuliza nani amemvua hereni zake.

Yule mkunga aliniitikia marahaba huku ananitazama kuanzia siku ile. Mengi ninayoyajua kuhusu uzazi yametoka kwake, na hakuna cheti chochote kinachomtaja.

Siwezi kusimulia wa kupona tu. Wodi ya watoto alifika mtoto mweupe kama karatasi kwa upungufu wa damu. Kundi lake halikuwepo kwenye friji, na ndugu waliokuja naye waliogopa kutoa. Nilikimbia kati ya maabara na wodi. Nilipompata mtu wa kutoa damu, mtoto alikuwa ameshaondoka. Asubuhi nilisimama kwenye raundi nikaripoti kitanda kile kama kinavyoripotiwa, na raundi ikaendelea kitanda cha pili. Nilikaa siku nyingi bila kulala vizuri. Niliandika barua ya kuacha, nikaiweka kwenye mfuko wa koti.

Sikuiwasilisha, na sababu haina ushujaa wowote. Yule tabibu wa kwetu alinipigia kuniuliza dozi ya mgonjwa wake. Nikamjibu. Akasema, "Sawa daktari," akakata. Mtu aliyenifundisha kushika sindano alikuwa ameniamini na mgonjwa wake. Ile barua niliiona haina pa kwenda.

Kuchelewa kwa posho ya mtarajali watu wengi wanakuchukulia kama kero ya vijana. Lakini mwaka 2012 madaktari wa nchi hii waligoma, na watarajali walikuwemo tangu mwanzo. Kenya, mwaka 2024, madaktari waligoma kuanzia katikati ya Machi mpaka Mei, na moja ya hoja kubwa ilikuwa watarajali: kupangiwa vituo na kulipwa kiwango gani. Anayempokea mgonjwa wa kwanza saa nane za usiku, katika hospitali nyingi za mkoa, ni huyo huyo mtarajali ambaye hajala. Sidhani mgonjwa angekubali kama angeulizwa.

Baada ya leseni nilikaa bila ajira, nikijitolea kwa nauli, nikifungua tovuti ya ajira kila asubuhi. Kibali cha ajira kilipotoka nilipata nafasi katika hospitali ya wilaya, na mshahara wa kwanza ukaja umekatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo. Silalamiki, deni ni deni, na ile asilimia 6 ya kutunza thamani iliyokuwa inalivimbisha iliondolewa mwaka 2021. Baba alipoona ujumbe wa benki kwenye simu yangu aliniuliza kama hizo ni za mwezi mmoja au za mwaka.

Sasa nina watarajali chini yangu. Wenye mamlaka ya posho nawaomba ifike kabla mwezi haujaisha, na mabingwa nawaomba simu zao za usiku ziwe zinapokelewa. Nawe mzazi, kama mwanao amepata S ya Fizikia, usiuze kiwanja na usimlilie. Vyuo vya utabibu hupokea maombi kila mwaka. Hakikisha tu chuo kimesajiliwa na NACTVET, kisha nenda ukaione hospitali yake kabla ya kulipa hata shilingi.